Herufi B Kwenye Ukurasa wa Kumi na Tisa

Kwako Dada,

Shikamoo. Nimeiandika salamu hii kwa sababu Mama alitulea hivyo, si kwa sababu nina hamu ya kusikia marahaba yako. Natumaini hujambo, kichwa kilichokuwa kikikusumbua kimetulia, na ile nyumba mpya haivuji tena. Sisi huku tunaendelea. Mama Mdogo ni mzima, ila goti linamlalamikia akipanda ngazi. Anakusalimu, na ameniomba nikuulize kama umesahau njia ya nyumbani au umeifuta kabisa. Nimeandika alivyosema, sikuongeza kitu.

Hujui kwamba nimepata kazi, kwa sababu tangu nimalize shule hujauliza ninafanya nini. Niko katika kampuni inayosambaza vitabu madukani. Tunakaa juu ya ghala, chumba kimoja chenye meza nne, feni inayogonga kila inapozunguka, na harufu ya gundi isiyotoka hata madirisha yakiwa wazi. Mara mbili kwa mwaka tunatoa kijitabu cha vitabu vipya na vinavyotarajiwa kutoka, na maduka huagiza kwa kukisoma hicho. Kazi yangu ni kusoma kila kitabu, au kurasa zake kama bado hakijachapwa, kisha kukiandikia sentensi tatu. Nikimaliza, naweka herufi moja kwenye kona: K kama ni cha mambo ya kweli, B kama ni cha kubuni. Wenye maduka wengi hawaangalii zaidi ya hapo. Herufi ndiyo inayowaambia wakiweke rafu gani.

Kazi hii naipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa. Msimu huu nimesoma riwaya ya upelelezi iliyoandikwa na muuguzi, mashairi ya dereva wa lori, na mwongozo wa kufuga nyuki wa askari mstaafu ambaye huwaita nyuki wake vijana wake. Nimesoma hadithi ya mapenzi ya bibi wa miaka sabini na mmoja, aliyeandika kwenye karatasi yake ya maelezo kwamba alingoja watoto wote wahame ndipo aanze. Kuna kitabu cha watoto cha fundi cherehani asiyesikia, kinachomhusu mende anayeogopa giza. Nilicheka peke yangu mezani. Watu hawa siwajui, lakini kila mmoja ameleta kitu chake mwenyewe.

Ofisini tuko watatu, meza ya nne ni ya marundo. Kuna Mhariri, mwanamke ambaye miwani yake huning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Na kuna mzee anayepanga kurasa, tunayemwita Nukta kwa sababu humalizia maneno yake hivyo: nimekula, nukta; sitaki, nukta. Wiki ya kwanza alinitania kwamba ninaandika kuhusu vitabu kama mtu anayebisha hodi huku anaomba asifunguliwe. Mhariri akamjibu kwamba afadhali mimi nabisha, yeye huingia tu na viatu.

Kitabu chako kilinifikia Jumanne saa nne asubuhi. Sikukujua, kwa kuwa umetumia jina lingine. Jalada lilisema Mwaka Niliomuuguza Mama, na karatasi iliyoambatana nacho ilisema ni tawasifu, maisha ya mwandishi kama alivyoyaishi. Nilipofika ukurasa wa tatu nikakuta mgongo wa mama wa kitabuni ulikuwa mwepesi kama mkoba uliosahauliwa mlangoni. Nikaiweka chini kalamu. Sentensi hiyo ni yangu. Nilikuandikia mimi, katika barua ya sita.

Nilikuandikia barua thelathini na moja, Dada. Ulijibu mbili, na moja ilikuwa ya kuuliza kama Mama anakumbuka cheti chako cha kuzaliwa kiko wapi. Nilidhani zilizobaki unazitupa. Kumbe ulikuwa unazitunza vizuri kabisa. Beseni la buluu lenye ufa limo. Namna ya kumgeuza kwa kuvuta shuka, niliyojifunza baada ya kumuumiza mara mbili, imo. Hata siku aliyonikasirikia kwa sababu uji ulikuwa na madonge, akageukia ukutani mpaka jioni, imo, isipokuwa mkorogaji wa uji ni wewe. Umeandika kwamba uliacha kazi yako ili uwe naye. Wewe ulikuja siku ya tatu baada ya mazishi, ukakaa na mkoba wako mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari, na kesho yake ukaondoka. Aliyekosa mitihani ya majaribio ni mimi.

Katika sura ya nne kuna mdogo wako, mtoto mtulivu aliyekuwa shuleni na hakuelewa sana yaliyokuwa yakitokea. Huyo ni mimi. Nimepewa mstari mmoja, na ndani ya mstari wenyewe sielewi.

Nilimaliza kukisoma siku iliyofuata. Nikaandika sentensi tatu, tena nzuri, maana kitabu kimeandikwa vizuri, nani ajuaye hilo kuliko mimi. Kisha kwenye kona nikaweka B.

Nukta aliiona alipokuwa akipanga ukurasa wa kumi na tisa. Akaniita, akauliza mbona karatasi inasema tawasifu na mimi nimeweka B, au nimechoka. Unanijua, mtu akiniuliza kitu mara mbili nakubali hata kisicho changu. Siku hiyo nilimtazama usoni nikamwambia ni B, nukta. Alicheka mpaka akakohoa, akafurahi kwamba hatimaye nimepata ulimi, akapanga kama nilivyosema. Kijitabu kikachapwa, kikaenda maduka yote.

Ndipo barua yako ikafika. Mhariri alitusomea nzima. Uliandika kwamba umedhalilishwa, kwamba jasho lako na machozi yako yamewekwa rafu moja na majini na wapelelezi, na kwamba aliyefanya hivyo ni mtu asiyejua maana ya kumuuguza mzazi, afukuzwe. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye barua hiyo. Feni iligonga. Mhariri akauliza ni nani. Sikufungua mdomo. Nukta akasema labda ni macho yake, siku hizi K na B zinamchezea, nukta. Mzee wa watu amepanga kurasa miaka ishirini na sita, akajitwisha kosa ambalo yeye mwenyewe aliliulizia mbele yangu. Mhariri akamwambia apumzike nyumbani kwanza. Mzee akachukua kofia yake msumarini akateremka ngazi bila kunitazama.

Ulinifanya nikae kimya tena, Dada. Hilo nalo nimeliweka kwenye hesabu yako.

Jana asubuhi nilikwenda kwenye meza ya Mhariri kabla hajakaa. Nikamwambia ni mimi, kwamba mwandishi ni dada yangu, na kwamba barua ambazo kitabu kimetokana nazo niliziandika kwa mkono wangu. Alivua miwani akaiacha ining'inie. Hakunisifu. Alisema herufi si fimbo ya kumchapia mtu, na kwamba kama nilikuwa na ugomvi ningeuleta mezani, si kuupenyeza kwenye kona ya ukurasa. Nilikubali, kwa sababu ni kweli. Akamrudisha Nukta siku ileile. Alipoingia aliniambia nimemkosesha mapumziko, nukta, na hajanena zaidi.

Kisha Mhariri akanipa fomu iliyomo katika bahasha hii. Kila mwandishi wa kitabu cha K anatakiwa kuijaza, na yako haikuwahi kuletwa. Ina mstari mmoja tu: niliyoyaandika humu niliyaishi mwenyewe. Ukitia saini, karatasi ya masahihisho itakwenda kila duka, ukurasa wa kumi na tisa badala ya B isomwe K, na mimi nitaondoka katika kazi hii. Usipotia saini, B inabaki, nami nabaki. Ameniambia nikutumie mwenyewe. Nadhani hiyo ndiyo adhabu yangu.

Kabla hujashika kalamu, kuna jambo ambalo sikuliandika katika barua hata moja.

Katika barua ya mwisho nilikuambia kwamba Mama alilala na hakuamka. Nilidanganya. Siku tatu za mwisho macho yake yalikuwa hayaoni vizuri, na alikuwa akikuuliza wewe, kwa jina lile alilokupa tulipokuwa wadogo. Msemaji amefika? Mimi, Kimya wake, sikuulizwa, nilikuwepo siku zote. Siku ya kwanza nilimwambia uko njiani. Ya pili nikamwambia hivyo hivyo. Siku ya tatu, mchana, jua likiwa limejaa kwenye pazia, alipouliza nilipaza sauti kama yako nikasema nimefika, Mama.

Akatabasamu. Akataka habari za huko ulikotoka. Mimi ambaye siwezi kununua sabuni dukani bila kurudia maneno moyoni kwanza, nilizungumza saa nzima. Nilimbunia bosi wako, nikambunia jirani anayefuga kuku ghorofani, nikacheka kile kicheko chako cha kuegemea ukuta. Alinishika mkono akisikiliza. Hakuuachia.

Sura ya tisa umeandika kwamba Mama alikuita, ukamwitikia, akafa akiwa amekushika mkono. Hilo hukulipata kwangu. Ulilibuni. Katika yote uliyoandika juu ya Mama, hicho ndicho ulichotunga wewe mwenyewe, na kwa Mama ndicho kilichotokea. Alikwenda akijua umekuja. Ni kwa ajili ya sura hiyo niliikandamiza ile B mpaka karatasi ikatoboka.

Na kabla hajanyamaza alikuachia ujumbe. Alisema mdogo wako amebeba kila kitu, nami kila nikitaka kumshukuru naona haya, maana naye ananionea haya. Mwambie wewe, wewe una maneno. Nikaitikia kwa sauti yako kwamba nitamwambia.

Sijui kama nimekusamehe. Leo hapana. Lakini ujumbe ule si wangu, uliachiwa wewe, nami nimekubebea mwaka mzima bila kuambiwa.

Mama Mdogo anakusalimu tena, na anasema ukija ulete dawa ya goti, ile ya kupaka. Nukta, ambaye hakujui, anasema macho yake ni mazima. Fomu imo humu, na stempu nimeibandika tayari juu ya bahasha ya kurudishia. Saini yako inaweza kuja kwa posta. Ujumbe wa Mama uje nao mwenyewe.

Mdogo wako,
Kimya