Gari Lisilokubali Kusukumwa

Papa,

Kaburi lako limeota majani, na Mama amenikataza kuyafyeka mpaka mvua ipungue. Naanza na hilo kwa sababu najua wewe ungeanza kwa kuuliza habari za gari, na mimi sitaki kufika kwenye gari upesi.

Mama yuko, anatembea, anagombana na majirani kama kawaida. Bado anasonga bugali wa watu watatu. Sahani yako anaifunika, na asubuhi anawapa kuku.

Siku ya kumaliza matanga, baba mkubwa Alimasi alisimama na ufunguo mkononi. Wote walidhani gari lako la kubebea wagonjwa litakwenda kwa mmoja wa kaka zangu. Akasema, "Gari bapatie Riziki. Mikono yake ndiyo inaijua." Shangazi akaguna. Unalijua guno lake. Tangu siku ile nilitaka kumwonyesha kila mtu kwamba binti yako ni fundi, tena fundi kukushinda wewe. Samahani, lakini ndivyo nilivyotaka.

Haya, gari. Moteri ilikufa miezi miwili baada yako. Ilipasuka kwenye mlima wa Fizi, maji na mafuta vikachanganyika, nikarudi Baraka nikivutwa na lori la mihogo huku nimeinamisha kichwa. Ulikuwa umesema, "Hii moteri inaningoya mi tu. Siku nitaenda, itaenda." Tulicheka siku ile. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Zikatokea moteri mbili. Ya kwanza ilikuwa Lweba, kwa mzee Etabo, ikizungusha mashine yake ya kusaga mihogo. Ilitoka kwenye jeep kama yetu, umri mmoja, ukaidi mmoja. Ni nzito na inatoa moshi, lakini ingekaa palepale ilipokaa ile ya zamani, na ingekubali bwati yako, sanduku lako la gia, bila kubadilisha bolti hata moja. Ya pili ilitoka Uvira. Ya mazutu, ya dizeli, ina nguvu, imekuja na bwati yake yenyewe, otomatiki. Hakuna mti wa gia wa kupigana nao, hakuna pedali ya ambreyaji, ile klachi. Mguu wa kushoto unapumzika kama mgeni.

Nikachukua ya Uvira. Watu wote niliwaambia ni kwa sababu ya mlima, kwamba wagonjwa wanahitaji gari lenye kasi. Ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine nakuambia wewe peke yako.

Ni kile kirungu cha mti wa mpera ulichokichonga na kukifunga juu ya mti wa gia. Kidole gumba chako kilikuwa kimekila mpaka kikaweka shimo. Kila nilipobadilisha gia, kidole changu kiliingia kwenye shimo lako. Nilikuwa nalia tangu Baraka mpaka Fizi, Papa, na ile barabara unaijua, ni gia moja hadi nyingine. Nilichoka. Nilitaka gari lisilo na mkono wako ndani. Nikaitoa bwati yako, nikaifunga kwenye turubai, nikaiweka katika kibanda cha kuku, nikajisikia mwepesi.

Na nilikuwa najua. Hapo ndipo panaponiuma. Nani alinifundisha? "Riziki, gari yenye haiwezi kusukumwa, haiko gari ya huku." Miaka mingapi tuliishi bila demareri ya kuwashia moteri? Ulilaza gari kichwa kikielekea chini kwenye kila mteremko, ili liwake likiteremka, na pasipo mteremko ulikuwa na watu. Walijua kazi yao. Wanasukuma, wanapiga bodi kwa viganja, wanapaza sauti, "Achilia!", unaachilia pedali, gari linakohoa, watu wanashangilia kama wamefunga goli. Ulikuwa unajisifu kwamba gari lako lilisukumwa na Wabembe asubuhi na Wanyamulenge jioni, na kila upande ukadhani ni lao. Sasa, kwa vita vya pande hizo mbili, barabara ya Minembwe hata pikipiki inaiogopa. Nani angeshuka kusukuma gari la nani?

Gari la bwati otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Fundi yeyote anajua. Nikajiambia betri ni mpya, demareri ni mpya, mambo ya kusukuma ni ya zamani. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, katika kile kijiji juu ya Fizi ambako walikuwa wanatujazia avoka nyuma ya gari. Mama Nyassa, yule wa avoka, alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Muuguzi alisema mtoto amelala vibaya tumboni, ateremshwe Baraka haraka. Tukamlaza kwenye godoro. Nikageuza ufunguo. Tik. Nikageuza tena. Tik. Betri, ile mpya, ilikuwa imekufa.

Kabla sijafungua mdomo watu walikuwa wamefika. Bamama waliacha mihogo yao, mwalimu aliacha darasa, mchungaji alivua koti. Walifurahi, Papa! Hawakuwa wamesukuma gari hili tangu ulipokufa, na walikuja kama wanakuja kukusalimia. "Riziki, kaa ndani! Weye uachilie tu!"

Wakasukuma. "Achilia! Achilia, mama!" Mguu wangu wa kushoto ukatafuta sakafuni. Hakukuwa na pedali. Sikuwa na cha kuachilia.

Ningesema hapo hapo. Neno moja tu: haliwezi. Wangemchukua kwenye tipoye, machela ya miti, wale wanaume wanajua kubeba mgonjwa, wangekuwa wameshaondoka. Lakini niliona haya. Binti wa fundi, mwenye moteri ya Uvira, aseme ameleta gari lisilosukumwa? Nikanyamaza, nikawaacha wasukume. Wakalirudisha juu, wakasukuma tena. Mara tatu, Papa. Mama Nyassa nyuma yangu alikuwa anahesabu pumzi zake kwa sauti. Mteremko ulipoisha, wakaweka mikono viunoni, na hata hapo hakuna aliyenilaumu.

Wakamtia kwenye tipoye wakateremka mbio, wakakutana na pikipiki njiani. Mama Nyassa yuko hai. Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia.

Sijui kama nusu saa ile ingemwokoa. Muuguzi anasema pengine hapana. Anasema pengine.

Wiki iliyofuata mume wake alishuka Baraka kwa miguu na mkungu wa ndizi begani. Alikuja kunishukuru kwa kujaribu. "Gari ni chuma tu, dada. Ni Mungu alipanga." Mama akampokea, akampa kiti, akampa maji. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa huko mpaka alipoondoka. Ndizi zile ziliiva zikaoza, sikugusa hata moja, na Mama akaniangalia tu. Nadhani anajua kuna kitu.

Moteri ya Uvira nimeitoa. Mzee Etabo amekubali tubadilishane, na sasa bamama wa Lweba wanalalamika kwamba mihogo inakwisha kusagwa kabla hawajamaliza kupashana habari. Ile bwati otomatiki iko katika kibanda, kuku mmoja anaatamia mayai juu yake. Yako imerudi mahali pake. Bolti zote ziliingia bila ugomvi. Moteri ya Lweba haina demareri, inapanda kama bibi aliyebeba kuni, na inanuka muhogo ikipata moto. Kirungu chako nimekirudisha. Kidole changu kinaingia kwenye shimo, nalia kidogo, nabadilisha gia, naendelea.

Jumapili napanda kule kijijini. Ibada ikiisha nitamwambia Mama Nyassa, na mume wake, na wote waliosukuma: kwamba nilijua, na kwamba nilinyamaza. Naogopa, Papa. Watu wale hawajawahi kunifungia mlango.

Najua utanigombeza kwa hili linalofuata, lakini nimeshaamua. Sitalaza gari kichwa chini. Nitaliweka kwenye uwanja wa kanisa, pale palipo tambarare kabisa, mahali ambapo haliwezi kuondoka bila mikono ya watu. Ni mara hii moja tu. Baada ya hapo nakuahidi, maadamu ufunguo uko mkononi mwangu, hakuna mgonjwa atakayepanda gari lisiloweza kusukumwa, na hakuna siku nitakayoona haya kusema haliwezi.

Nikishasema yote nitaingia ndani ya gari, nitaweka gia ya pili, nitakanyaga pedali na kungoja. Wakisukuma, nitaachilia. Wasiposukuma, nitateremka Baraka kwa miguu na kuwaachia gari, maana wao ndio waliokuwa wakiliwasha miaka yote.

Pumzika, Papa. Majani nitayafyeka mvua ikipungua.

Binti yako,
Riziki