Mtumbwi Ulioandikwa CYMBA

CHAMA CHA USHIRIKA WA WAVUVI, KATONGA
Kikao cha dharura, Jumatano, 12 Juni 1968, penye vichanja vya dagaa. Kilianza saa 3:10 asubuhi.

Waliohudhuria: Mzee Bonaventura (Mwenyekiti), Amuri (nahodha), Rahabu (mkaushaji dagaa), Lukas (fundi rangi), Oswald (mjumbe, alisoma seminari miaka mitatu), Skolastika (Katibu).
Hakuhudhuria: Faustini. Alionekana akipita.

KUMB. NA. 1/68: KUFUNGUA
Mwenyekiti alieleza kwamba mtumbwi mpya umekaa mchangani siku tisa kwa sababu wavuvi wamelikataa jina lake na hawataki kuupanda. Usipoingia majini kabla ya Jumamosi, Bwana Ushirika ataukabidhi kwa kikundi kingine. Alimwomba Ndugu Oswald aeleze jina alilolitoa.

KUMB. NA. 2/68: JINA
Oswald alieleza kwamba cymba ni neno la Kilatini lililoazimwa kwa Wayunani, na hutamkwa "chimba". Maana yake ni mtumbwi.

Rahabu aliuliza kama kikao kinaelewa kwamba mtumbwi umepewa jina la Mtumbwi.

Amuri alisema hapandi chombo kinachoamriwa kuchimba. "Kichimbe wapi, Mwalimu? Kule chini?"

Oswald alisema neno hilo lina maumbo. Mtumbwi ukienda ni cymba. Ukisukumwa ni cymbam. Kitu cha mtumbwi ni cha cymbae.

Lukas aliuliza kama atapaka upya kila ukisukumwa. Rangi imebaki nusu kopo.

Rahabu aliuliza wingi wake. Kabla hajajibiwa, Amuri alisema: "Kimoja chimba, viwili vimba." Oswald alitaka kicheko kiandikwe. Kimeandikwa.

KUMB. NA. 3/68: UAMUZI
Mwenyekiti alipendekeza jina lifutwe. Oswald alisema likifutwa atajiuzulu. Amuri aliunga mkono yote mawili.

Rahabu alimwomba Oswald asome tena lile umbo la tatu. Alisoma: "Chimbe." Rahabu akamuuliza Lukas kama mbele ya jina zinaingia herufi tatu. Lukas alisema hata nne.

Oswald alipinga, akisema Kilatini hakina neno linaloanza na usi-. Mwenyekiti alijibu kwamba ziwa nalo halina Kilatini.

Iliamuliwa, kura nne kwa moja (Katibu hapigi kura), mtumbwi uandikwe USICYMBAE. Amuri alisoma kwa sauti, "Usichimbe," akasema: "Huu napanda."

KUMB. NA. 4/68: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 4:25. Lukas alipomaliza kupaka, wajumbe waliusukuma mtumbwi majini. Oswald alisukuma pia, akikumbusha kwamba wakati huo mtumbwi ulikuwa cymbam.

Bonaventura, Mwenyekiti (sahihi)
Skolastika, Katibu (sahihi)