Gari la Harusi Lilipozima Kiganjo

Mjukuu wangu Wangari,

Sisi huku Ruring'u tuko salama. Kikohozi cha mama yako kimepona, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike.

Unauliza kwa nini gari lako la zamani haliwaki ingawa betri ni mpya. Hilo lilinipata siku ya harusi yangu. Tulisimama Kiganjo kumchukua shangazi yangu, na gari la kunipeleka kanisani likakataa kuwaka tena.

"Betri imekufa," dereva akasema.

Nilikuwa nimekua nikimsaidia baba kutengeneza lori lake, kwa hivyo nilishuka na gauni langu jeupe, nikafungua boneti. Waya mnene wa betri ulikuwa na kutu pale ulipofungwa kwenye bodi ya gari. Nikaufungua kwa spana ya dereva, nikaukwangua kwa kisu cha keki tulichokuwa tumebeba garini, nikaukaza.

"Jaribu sasa," nikamwambia. Gari likanguruma.

Kanisani babu yako aliona vidole vyangu vyeusi, akaninong'onezea, "Ni wewe umetengeneza gari?"

"Ni mimi."

Akaushika mkono huo mchafu mbele ya watu wote, na hakuuachilia mpaka tukatoka nje.

Kwa hivyo anza pale waya unaposhika chuma. Likiwaka, nipigie simu kabla hujalizima, nilisikie.

Ni mimi cucu yako.