Kumfuata Mke Malula

Antiokia, 4 Oktoba 2010

Shangazi mpendwa,

Natumaini uko mzima huko Alby, Uswidi, na goti halikusumbui na baridi hii inayoanza. Sisi tunatembea vizuri katika hija yetu. Mabegi ni mazito mgongoni, lakini tumeshayazoea.

Jana tuliingia katika pango ambamo wanasema Wakristo wa kwanza walisali. Zénon akawaeleza Waswidi wawili tunaolala nao hosteli moja kwamba Paulo alizaliwa hapa. Nikasema, "Ni Tarso, mume wangu. Hapa alihubiri tu." Waswidi wakacheka. Yeye pia akacheka. Tulipofika chumbani alifunga mlango, akanivua begi taratibu, akanipiga ngumi ya sikio. Nilipoanguka akanipiga teke la mbavu. Akasema, "Hiyo ndiyo Tarso."

Nyumbani yalikuwa makofi. Huku hakuna jirani wa kugonga ukuta, na pasipoti zetu zote anabeba yeye. Wewe ndiye uliyenisindikiza kwake siku ya harusi. Niambie la kufanya.

Mwanao,
Kahindo


Alby, 6 Oktoba 2010

Mwanangu Kahindo,

Salamu zimefika. Goti linanitii leo, namshukuru Mungu. Sikio lako lioshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kwa nje tu.

Mume hasahihishwi mbele ya watu, hata akisema Musa alizaliwa Kinshasa. Msahihishe chumbani, tena akiwa ameshiba. Mmebakiza Damasko, Mlima Nebo na Yerusalemu. Ukifika Yerusalemu mwombee moyo wake.

Yakizidi, desturi yetu unaijua. Mke humkimbilia shangazi. Mume humfuata na kitu mkononi, anasemwa, anaomba msamaha, anakabidhiwa mkewe. Mimi mwenyewe nilifuatwa mara mbili na nikazeeka na mjomba wako.

Shangazi yako,
Olive


Malula, Siria, 15 Oktoba 2010

Shangazi mpendwa,

Habari za siku hizi? Mimi niko hai.

Juzi, mjini Halepo, nilichelewa kurudi kutoka ngomeni. Zénon alinizungushia mkanda wa begi shingoni, akaniuliza nilikuwa na nani. Sikuweza kutoa sauti, naye akaona nakataa kujibu, akavuta zaidi. Nilijikojolea. Alipokwenda kuoga nilitoa pasipoti yangu katika mfuko wake, nikaacha kila kitu kingine, nikapanda basi.

Malula ni kijiji cha milimani ambako bado wanasema lugha ya Yesu. Masista wamenipa kitanda, nami nangoja jibu la ubalozi wetu Damasko. Karibu na nyumba yao kuna ufa mrefu kwenye mwamba, mtu anapita katikati. Wanasema mwamba ulipasuka ili msichana aliyewindwa na wanaume apate njia.

Nimekukimbilia wewe, shangazi. Kwa kuwa uko mbali, nalala kwa masista. Anayejua nilipo ni wewe tu.

Mwanao,
Kahindo


Alby, 16 Oktoba 2010

Mwanangu,

Umefanya vizuri kukimbia, na umefanya vizuri zaidi kunikimbilia mimi. Shingo ipake mafuta.

Nimefanya kama inavyopaswa. Nilimpigia simu Anicet, kaka yake Zénon wa Hjulsta, nikamsema mpaka akaomba niende polepole. Naye akampigia mdogo wake. Anasema Zénon alilia kama mtoto. Atakufuata huko Malula kesho, na kitu mkononi. Mwambie sista mkubwa asimame mahali pangu, amseme kwanza, ndipo akukabidhi. Usimpokee kwa haraka, mwache asimame mlangoni kidogo.

Usitoke hapo.

Shangazi yako,
Olive


Alby, 20 Oktoba 2010

Kahindo mwanangu, hujambo? Mmepatana? Anicet naye hapati simu ya Zénon. Andika hata mstari mmoja.

Shangazi yako


Alby, 29 Oktoba 2010

Kahindo,

Zénon ameonekana kanisani, peke yake. Anasema ulibaki kutembea. Mke habaki kutembea. Nijibu, mwanangu.

Shangazi yako


Damasko, 3 Novemba 2010

Shangazi,

Niko hospitali. Nachapa kwa mkono wa kushoto.

Barua yako ya tarehe 16 niliisoma jana. Malula nilikuandikia kwa kompyuta ya mgeni mmoja, naye akaondoka nayo siku ile ile, kwa hiyo sikujua kwamba Zénon anakuja. Nilikuwa natembea ndani ya ule ufa nikamwona mbele yangu. Mkononi alikuwa na kitenge kipya. Akasema, "Shangazi yako amenituma nikuchukue." Nikageuka kukimbia. Alinishika nywele akanipiga uso kwenye mwamba, mara ya pili, mara ya tatu. Kisha akaokota jiwe akaponda mkono uliochukua pasipoti. Mwamba ulikuwa pande zote mbili na haukunipasukia mimi.

Mahujaji wa Kifaransa walinikuta. Taya limevunjika, vidole vitatu pia. Kile kitenge ndicho walichonifungia kichwa.

Zénon ataita kikao kwako. Sitaki kusikia kwamba mmekula pamoja mkapatana.

Kahindo


Alby, 7 Novemba 2010

Mwanangu Kahindo,

Sina mdomo wa kukuuliza hali.

Walikuja jana, Zénon, Anicet na mzee Urbain wa kanisani, na kreti ya Fanta. Nilikuwa na maharage jikoni, sikuwapakulia, nikawaacha waseme.

Anicet alisema, "Mama Olive, tumekuja kwa unyenyekevu. Vijana waligombana."

Zénon akasema, "Aliteleza, shangazi. Kule ni mawe matupu."

Nikamuuliza, "Na shingoni? Nako aliteleza?"

Mzee Urbain akasema, "Ya chumbani tuyaache chumbani. Tuambie utamrudisha lini."

Nikasema desturi inanipa haki ya kumkabidhi, na inanipa haki ya kukataa. Simtoi. Wabebe Fanta yao.

Zénon akasimama. Akasema mimi ndiye niliyemwonyesha njia, leo najifanya mtakatifu. Hilo la njia ni kweli. Kisha akanisukuma juu ya jiko, sufuria ikanimwagikia mkono mzima. Akanikaba. Anicet alimvuta shati mpaka likachanika, mzee Urbain akabaki anaomba kwa sauti. Jirani ndiye aliyeita polisi.

Yuko ndani. Polisi wanasema anaweza kushtakiwa hapa hata kwa yale ya Siria, ila wanataka maelezo yako. Wazee wananipigia simu kila siku nifute yangu. Sifuti.

Nije kukupokea uwanja wa ndege wa Arlanda?

Shangazi yako,
Olive


Damasko, 10 Novemba 2010

Shangazi,

Nafika Ijumaa mchana. Njoo peke yako. Mkono wako uufunge vizuri, hewa ya huko sasa ni kali.

Sitalala kwako. Wilkister, tunayefanya naye kazi hospitali ya Flemingsberg, amenipa chumba. Sijakusamehe, na usiniombe garini.

Kutoka uwanjani twende moja kwa moja polisi. Taya limefungwa kwa waya, nikisema hawatanielewa. Utasimama karibu yangu na kunisemea. Nitakuandikia kila kitu, tarehe kwa tarehe. Sema yaliyoandikwa tu, pamoja na pale ulipomwonyesha njia. Usiongeze neno.

Mwanao,
Kahindo