Farasi Yenye Ilibaki

Mado, mujukulu wangu,

Pole na baridi ya kule Amerika. Huku Kafutuma, ku kambi, tuko bazima. Mama yako mukubwa alienda Nchelenge kuuzisha samaki, nimebaki miye na kuku.

Unaniuliza kama nilishaona farasi, kwa sababu huko iko farasi za pori na sheria inakataza mutu kuzichinja. Niliona moja tu, ku Congo, nikingali kijana. Muzungu mwenye kuifuga alikimbia, akaiacha. Bawindaji balitaka kuiua. Sultani wa kijiji yetu akakataza: kwetu, munyama yenye kupotea ni ya sultani, mutu asiiguse.

Basi ikapona. Lakini tuliogopa ile neno sana, hata majani hatukuipa. Kila jioni ilisimama pembeni ya mashamba, inaangalia moshi ya jiko zetu. Siku moja nikaenda, nikaweka mukono ku shingo yake. Ikatetemeka mwili yote, halafu ikaniegemea na uzito wake wote, karibu nianguke.

Miye pia, mutoto, karatasi ya ukimbizi inanichunga muzuri. Hakuna mutu ananigusa.

Ukipata konje, siku za kupumuzika ku kazi, uje nikuegemee.

Kambo yako