Usiniombee Radhi kwa Meneja

Mama,

Maharage nimeyafunika, paka asisingiziwe. Nguo nimeanua ila sijazinyoosha. Mimi na pasi tumegombana.

Kule kwa dobi nimeacha kazi, utabaki ukipiga pasi peke yako. Joto nililizoea, na matusi ya meneja nilikuwa nayageuza utani. Lakini leo asubuhi alikutupia shuka usoni kwa sababu ya mkunjo mmoja, nawe ukaliokota, ukasema samahani, ukanigeukia ukitabasamu. Kumbe umezoea. Hapo nikavua aproni.

~~Na wewe uache leo hii.~~ Nimefuta, hilo ni lako kuamua.

Nimekwenda kwa fundi cherehani kuulizia nafasi. Kesho meneja akinitafuta, tafadhali usimwombe radhi kwa ajili yangu.

Kitinda mimba wako,
yule mwenye mdomo