Vyuma Vizito vya Juanasi

Dada Siasi,

Huku tupo. Mabata bukini wamechelewa mwaka huu, na ile nyama ya kulungu karibuu uliyoagiza nimeshaikausha.

Uliniuliza kwa nini mdogo wetu Juanasi hakuvuka ule ufa wa barafu ilhali wenzake wote waliteleza juu ya maji yake kwa kasi wakapita. Pikipiki yake ya theluji tumeivuta majini kwa kulabu; yeye hatujampata. Nilipoikausha nikaiwasha, nikabana wenzo wa mafuta mpaka mwisho, injini ikanguruma chini chini tu, haipandi. Kwa mwendo huo mdogo maji hayakubebi.

Nikafungua klachi. Ndani mna vyuma vizito kupita kiasi, vya kuizuia injini isipandishe sauti. Unakumbuka mama alivyokuwa akimfokea akipanda nyuma yake? "We Juanasi, hizo kelele zitaniua!" Basi aliviweka kwa ajili yake. Mama alipokufa nikamwambia avitoe, akanijibu, "Niache kaka, nimeshazoea kumpakia."

Nimeviondoa, nimeweka vyepesi. Sasa injini inalia mpaka mbwa wanakimbia.

Tena mke wangu amejifungua msichana. Tumempa jina la mama, kwa hiyo ndiye mama, nawe umwite hivyo. Jana nilimpakia kwa mara ya kwanza, amebebwa mgongoni ndani ya kofia pana ya koti la mke wangu, akalia njia nzima kwa zile kelele. Nikamwambia, "Nisamehe mama, vumilia tu."

Klachi siigusi tena.

Kaka yako,
Tumasi